Mwenye Mpira Ndiye Refa

Wazee wetu walishasema, kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Maana yake haihitaji mwalimu. Ngedere na nyani wanakula mahindi ya shamba lile lile, sasa hukumu ya haki itatoka wapi? Lakini leo nataka kuwasimulia, vijana wenzangu mnaopenda kusoma na kuandika, habari za bwana mmoja wa Kiingereza aliyepewa kesi ya namna hiyo mchana kweupe, mbele ya umati.

Ilikuwa tarehe 19 Februari 1881, huko Blackheath, kusini mashariki ya London. Siku hiyo timu ya raga ya Uingereza ilicheza na timu ya Wales kwa mara ya kwanza. Refa alikuwa Arthur George Guillemard. Sasa sikiliza vizuri. Guillemard huyo alikuwa ameshaichezea Uingereza yeye mwenyewe. Na siku hiyo hiyo ya mechi, yeye ndiye alikuwa rais wa chama cha raga cha Uingereza. Yaani mchezaji wa zamani wa timu moja, na mkubwa wa chama cha timu hiyo hiyo, ndiye aliyesimama katikati ya uwanja kuamua. Ningesema ndiye aliyeshika filimbi, ila filimbi marefa wa raga walikuwa bado hawana. Iliingia katika sheria zao mwaka 1885.

Je, Guillemard alikuwa mwizi? Hapana. Ningetaka kuandika hadithi ya refa mla rushwa ningetunga riwaya, na jina ningeweka la kubuni. Huyu alikuwa mtu wa kweli, na kila kinachojulikana juu yake kinaonyesha mtu aliyeupenda mchezo wake na kuutumikia bila mshahara. Ndiyo maana habari zake zimenikaa kichwani. Mtu mbaya akifanya vibaya hakuna la kujifunza, tunajua tu kwamba ni mbaya. Lakini mtu mwema akikaa kwenye viti vyote kwa wakati mmoja, hapo ndipo pana somo.

ALIZALIWA PAMOJA NA SHERIA

Guillemard alizaliwa mwaka 1845 mjini Eltham. Zamani hizo Eltham ilikuwa sehemu ya jimbo la Kent, leo imemezwa na jiji la London. Jina lake ukilisoma utadhani Mfaransa, na kweli asili ya jina ni Kifaransa, ila mwenyewe alikuwa Mwingereza wa kuzaliwa na kukulia huko huko.

Alisoma katika shule ya Rugby, na hiyo ndiyo shule iliyoupa mchezo huu jina. Sisi tunasema raga, wenyewe wanaita kwa jina la shule. Jambo la kushangaza ni kwamba mwaka ule ule wa 1845 aliozaliwa Guillemard, ndio mwaka ambao sheria za mpira wa shule ya Rugby ziliandikwa kwa mara ya kwanza. Na nani aliziandika? Si mwalimu mkuu, wala si bodi ya shule. Ziliandikwa na wanafunzi watatu. Kabla ya hapo sheria zilikuwa za mdomo tu, mkubwa anamwambia mdogo, na mdogo akikua anamwambia mwingine, kama sisi tulivyofundishwa rede na gololi. Akitokea mjeuri akakataa, hakuna karatasi ya kumwonyesha. Vijana wale watatu wakakaa chini na kalamu, wakaandika vifungu thelathini na saba.

Wewe unayesoma hapa na umri wako wa miaka kumi na nane, unayedhani kalamu ni ya wazee, hebu lifikirie hilo. Mchezo unaochezwa leo Nairobi, Cape Town na Auckland, karatasi yake ya kwanza iliandikwa na wanafunzi.

Kwa wale wasioijua raga, niieleze kidogo. Mpira wake ni wa umbo la yai. Unaruhusiwa kuushika na kukimbia nao, na mwenzako anaruhusiwa kukukamata na kukuangusha. Ukifanikiwa kuufikisha nyuma ya mstari wa goli la wapinzani na kuugusisha chini, umepata trai. Siku hizi trai ina pointi zake. Zamani za Guillemard trai peke yake ilikuwa haishindi mechi. Ilikupa ruhusa tu ya kujaribu kupiga mpira upite juu ya mlingoti wa goli. Ukipita, hilo ndilo goli, na mshindi alihesabiwa kwa magoli. Likumbuke jambo hili, tutalihitaji huko mbele.

MGUU ULIOVUNJIKA NA KITABU KILICHOZALIWA

Tabu ya Waingereza miaka ile ni kwamba kila shule ilikuwa na mpira wake. Vijana wakimaliza masomo wakaingia mjini kutafuta kazi, wanaunda klabu, na kila mmoja anakuja na sheria za alikotoka. Huyu anashika mpira, yule anapiga kelele kwamba kushika ni madhambi. Mwaka 1863 wengine walikutana London wakaunda chama cha mpira wa miguu, huu tunaoupenda sisi. Katika vikao vile pakazuka mgogoro mkubwa juu ya kukimbia na mpira mkononi, na juu ya ile desturi ya kumpiga mwenzako mateke ya ugoko kwa makusudi. Ndiyo, ilikuwa halali! Klabu ya Blackheath ikaona kukataza mateke ya ugoko ni kuufanya mchezo uwe wa kike, kwa fikra za wakati ule, ikajitoa.

Watu wa raga wakabaki hawana chama mpaka tarehe 26 Januari 1871. Usiku huo wawakilishi wa klabu ishirini na moja walikutana katika mkahawa wa Pall Mall, katikati ya London, wakaunda chama chao. Guillemard alikuwa na umri wa miaka 25. Klabu yake iliitwa West Kent, na ilikuwa moja ya zile ishirini na moja. Jina lake likaingia katika kamati ya kwanza kabisa.

Kazi ya kuandika sheria mpya walipewa wanasheria watatu, wote waliosoma Rugby. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Leonard Maton, alivunjika mguu akicheza, na kwa kuwa alikuwa amelazwa hana pa kwenda, wenzake wakamtupia kazi yote ya kuandika, kwa ahadi kwamba watamletea tumbaku ya kuvuta muda wote atakaokuwa kitandani. Ikafika Juni 1871, sheria hamsini na tisa zikapitishwa. Na yale mateke ya ugoko? Chama cha raga chenyewe kikayapiga marufuku. Kumbe miaka minane ya kununiana ilikuwa ya bure.

Lakini kuna kifungu kimoja ambacho nataka tukiangalie. Sheria zile za 1871 zilisema pakitokea ubishi uwanjani, waamuzi ni makapteni wawili wa timu zinazocheza. Basi! Refa hayumo. Fikiria mechi ya mtaani kwenu, kapteni wa kwenu na kapteni wa kwao, wote wanavuja jasho, wote wana hasira, ndio waamue kama lile lilikuwa goli. Mabwana wale waliamini kwamba mtu mwungwana hawezi kusema uongo juu ya mpira. Kwao kumweka refa ilikuwa karibu sawa na kumwambia mtu, mimi sikuamini.

KELELE ZA RAEBURN PLACE

Imani hiyo ilijaribiwa mapema. Hata kabla kile kitabu cha sheria hakijakamilika, Waskoti walikuwa wameshatoa changamoto. Desemba 1870 makapteni wa klabu tano za Uskoti waliandika barua magazetini wakiwataka Waingereza waje na watu ishirini wapambane na ishirini wa kwao. Wakati huo timu ilikuwa na watu ishirini, si kumi na watano.

Tarehe 27 Machi 1871, Jumatatu, wakakutana katika uwanja wa Raeburn Place mjini Edinburgh. Hiyo ndiyo mechi ya kwanza ya kimataifa ya raga duniani. Watazamaji walikuwa kama elfu nne, na kiingilio kilikuwa shilingi moja. Shilingi hiyo hiyo ambayo wakoloni walikuja kutuachia jina lake mifukoni mwetu. Kapteni wa Uingereza alikuwa Frederick Stokes. Kwa wachezaji wa nyuma kabisa, wale wa kuzuia mtu asifike kwenye mstari, walisimama watatu, na mmoja wao alikuwa Guillemard.

Kipindi cha kwanza hakikuzaa kitu. Katika kipindi cha pili Waskoti wakasukumana na Waingereza karibu kabisa na mstari, rundo la watu likavuka, na Mskoti akaugusisha mpira chini. Waingereza wakaja juu. Wakapiga kelele kwamba si halali. Pembeni palikuwa na waamuzi wawili, na mmoja wao alikuwa Hely Hutchinson Almond, mwalimu mkuu wa shule ya Loretto, Mskoti. Trai ikakubaliwa. William Cross akaupiga mpira ukapita juu ya mlingoti, likawa goli. Baadaye Reginald Birkett aliipatia Uingereza trai, lakini mpira wa kupigia goli ukakosa. Uskoti wakaongeza trai nyingine, nayo haikuzaa goli. Kwa hesabu za siku zile, Uskoti goli moja, Uingereza hakuna goli. Mechi ikaisha hivyo.

Umeona sasa? Goli pekee la mechi ya kwanza ya kimataifa lilitokana na trai yenye ubishi, na aliyekuwa anaamua ni mtu wa upande ulionufaika. Na Guillemard alikuwepo, upande wa walioumia.

Mimi hapa nilitua kitabu nikafikiri. Ningekuwa mtunzi, hapa ndipo ningempa mhusika wangu kiapo. Angeondoka Edinburgh akisema moyoni, siku nikipata madaraka, mtu wa upande mmoja hataamua tena mechi ya upande wake. Bahati mbaya historia haiandikwi na watunzi wa riwaya.

KATIBU, RAIS, REFA

Guillemard alirudi uwanjani mwaka uliofuata. Tarehe 5 Februari 1872, katika uwanja wa Oval jijini London, Uingereza walilipiza kisasi, wakawafunga Waskoti. Hiyo ilikuwa mechi yake ya pili kwa taifa lake, na ya mwisho. Mechi mbili tu! Wachezaji wa siku hizi wanacheza mechi mia na bado hawakumbukwi. Yeye jina lake lilibaki kwa sababu ya yale aliyoyafanya baada ya kuvua jezi.

Akawa katibu wa heshima wa chama katika miaka ile ya 1870. Katibu wa heshima maana yake unafanya kazi ya kuandika barua, kupanga mechi na kutunza kumbukumbu, na malipo yako ni ahsante. Mwaka 1878 akachaguliwa rais, akakaa mpaka 1882. Katika miaka hiyo ya utumishi wake mchezo ulibadilika sana. Ayalandi wakaingia, wakacheza na Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1875. Mwaka 1877 timu za taifa zikapunguzwa kutoka watu ishirini hadi kumi na watano, rundo likapungua na mbio zikaongezeka.

Likaja pia kombe, nalo lina safari ndefu. Huko Calcutta, India, Waingereza waliokuwa wakifanya kazi za ukoloni na biashara walikuwa wameunda klabu ya raga. Klabu ikafifia. Walipoifunga, hawakugawana fedha zilizobaki benki. Walizitoa zikiwa rupia za fedha, wakaziyeyusha, fundi wa huko India akatengeneza kombe lenye mikono mitatu ya nyoka aina ya swila, na tembo juu ya kifuniko. Wakalitoa kwa chama cha London. Machi 1879, Guillemard akiwa rais, Uingereza na Uskoti wakaligombea kwa mara ya kwanza mjini Edinburgh, wakatoka sare. Linagombewa mpaka leo. Rupia nasi wa Afrika Mashariki tulizitumia kabla ya shilingi, kwa hiyo naweza kusema kombe lile limetengenezwa kwa fedha ambayo hata babu zetu wa pwani waliijua rangi yake.

Na katikati ya shughuli zote hizo, Guillemard alikuwa akichezesha mechi za kimataifa. Sasa mtu atauliza, kwa nini yeye? Jibu la haki ni kwamba nani mwingine? Waliozijua sheria zile kifungu kwa kifungu walikuwa wachache, na yeye alikuwa ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza. Marefa wa kulipwa hawakuwapo. Kusafiri kulikuwa kwa treni na kwa gharama zako. Mtu anayejua, anayeaminika, na aliye karibu, ndiye anayeombwa. Hata kwetu ndivyo mambo yanavyokwenda. Mwenyekiti wa kikundi ndiye mweka hazina, ndiye mwenye ufunguo wa ofisi, na ukiuliza wanakwambia, jamani, wengine wote wana kazi zao. Hakuna aliyepanga njama. Ni uchache wa watu tu, halafu uchache unageuka desturi, na desturi ikizeeka inavaa joho la sheria.

Sote tuliocheza chandimu tunalijua jambo hili bila kulisomea. Mwenye mpira ndiye kapteni. Mwenye mpira ndiye refa. Ukimfunga anasema ulishika. Ukibisha, anaukwapua mpira wake anakwenda nyumbani kwao kula, na mechi imekufa.

WALES WANAKUJA

Basi turudi Blackheath mwaka 1881. Timu ya Wales ilikusanywa na bwana mmoja wa Newport aitwaye Richard Mullock. Ilikuwa timu ya kuokoteza. Wachezaji hawakuwa wamewahi kucheza pamoja hata siku moja. Inasimuliwa kwamba wawili hawakutokea kabisa, ikabidi wachukuliwe vijana waliokuja kutazama wakavishwa jezi. Chama cha raga cha Wales kilikuwa bado hakijaundwa.

Upande wa pili ni Uingereza yenye chama cha miaka kumi, klabu tele, na rais wake akiwa refa.

Waliochinjwa ni Wales. Trai kumi na tatu, saba kati yake zikageuzwa kuwa magoli, na juu yake goli jingine la kupiga mpira ukidunda. Wales hawakupata kitu. Kwa kipigo cha namna hiyo, hakuna aliyehitaji refa wa kuwabeba Waingereza. Hata ungemweka baba yao Wales kuamua, wangefungwa. Ndiyo sababu suala la nani alikuwa refa siku ile halikuzua ugomvi.

Na hapa ndipo hatari ilipo, ndugu msomaji. Siku ambayo mmoja ni mkubwa mno na mwingine ni mdogo mno, mfumo mbovu unaonekana mzima. Ubovu wake haujitokezi mpaka siku watu wakilingana nguvu. Wales hawakukaa kulia. Machi 12 mwaka ule ule, siku ishirini na moja tu baada ya kipigo, walikutana katika hoteli ya Castle mjini Neath wakaunda chama chao. Walikuwa wamejifunza kwamba ukitaka kukaa mezani na mwenye chama, uje na chama chako.

SIKU MPIRA ULIPOKWENDA NYUMBANI

Guillemard aliacha urais mwaka 1882. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Machi 1884, ule ubovu ukajitokeza, na tena ni Blackheath, na tena ni Uingereza na Uskoti.

Safari hii refa hakuwa Mwingereza wala Mskoti. Alikuwa George Scriven wa Ayalandi. Kwa maana hiyo lile kosa la zamani lilikuwa limekwisha rekebishwa, nyani alikuwa ametolewa kwenye kiti. Katika mchezo, Mskoti mmoja aliupiga mpira kwa mkono ukarudi nyuma. Mwingereza akaudaka, mambo yakaendelea mpaka Uingereza wakapata trai. Waskoti wakasimama wakisema mpira ule ulikuwa umeshakufa, kwa sababu kuupiga kwa mkono namna ile ni kosa. Waingereza wakajibu, kosa ni lenu wenyewe, mnawezaje kufaidika na kosa lenu? Halafu wakaongeza kwamba kwa sheria zao wala si kosa. Wakabishana muda mrefu. Trai ikakubaliwa, ikageuzwa kuwa goli, Uingereza wakashinda.

Waskoti walipoandika barua kutaka mtu wa kati aangalie shauri lile, chama cha Uingereza kilikataa. Kilisema sheria ni zetu, tafsiri ni yetu, refa ameshaamua, imekwisha. Hapo ndipo watu wote walipofumbuka macho. Refa alikuwa mgeni, sawa, lakini kitabu alichokishika kilikuwa cha mwenyeji. Kile kitabu kilichoandikwa na mtu aliyevunjika mguu London kilikuwa sasa kinatawala nchi nne, na nchi moja tu ndiyo iliyokuwa na ruhusa ya kukibadilisha.

Mwaka 1885 Uingereza na Uskoti hawakucheza kabisa. Mpira ulikwenda nyumbani. Mwaka 1886 Uskoti, Ayalandi na Wales wakaunda bodi ya kimataifa ya kusimamia sheria, na Wales hao ni wale wale waliochinjwa mwaka 1881. Uingereza wakagoma kujiunga. Wenzao nao wakagoma kucheza nao, mpaka katika mashindano ya 1888 na 1889 Uingereza hawakuwamo. Suluhu ilipatikana mwaka 1890 baada ya shauri kupelekwa kwa wasuluhishi wawili, na Uingereza wakaingia katika bodi. Hata hapo walipewa viti sita, na wenzao viti viwili viwili. Hesabu mwenyewe. Sita kwa upande mmoja, na hao wengine watatu wote kwa pamoja, sita. Mwenye mpira hakuutoa wote. Aliushika kwa mkono mmoja.

KITI CHA TANO

Nimeshataja viti vinne vya Guillemard: mchezaji, katibu, rais, refa. Kuna cha tano, na hiki ndicho kinachotuhusu sisi tunaochipukia katika uandishi.

Mwaka 1892 mchungaji Francis Marshall, ambaye naye alikuwa refa, alitoa kitabu kikubwa juu ya historia ya raga. Aliwaomba watu mbalimbali waandike sura. Sura ya kuanzishwa kwa chama na maendeleo yake ya miaka ya mwanzo aliiandika Guillemard. Mtu aliyecheza, akaandika barua za chama, akaamua mechi, akaongoza, sasa ndiye anayetueleza mambo yalikwendaje. Mengi tunayoyajua juu ya miaka ile yamepita mikononi mwake.

Lakini katika kitabu hicho hicho yumo yule mwalimu mkuu wa Loretto, Almond, mwamuzi wa Raeburn Place. Naye alipewa sura. Akaitumia nafasi ile kutoa siri yake. Alisema mpaka siku anayoandika, miaka ishirini na moja baadaye, hajui kama uamuzi ule wa trai ulikuwa sahihi. Hakuelewa hata Waingereza walikuwa wanabishia nini hasa. Akaongeza kwamba mwamuzi akiwa na mashaka, kwa maoni yake ana haki ya kuamua dhidi ya upande unaopiga kelele zaidi, kwa kuwa huenda ndio wenye makosa!

Niliposoma habari hiyo nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mechi ya kwanza ya kimataifa iliamuliwa na kelele. Na tusingelijua kama Almond asingeandika. Ushahidi wa wakubwa wa chama unatuambia mchezo ulikuaje. Ushahidi wa Almond unatuambia palikuwa na shaka. Historia inazihitaji sauti zote mbili, ile inayopanga mambo na ile inayosema sina hakika. Na bado kuna sauti ya tatu ambayo mimi naitafuta. Wale vijana wawili waliotolewa kwa watazamaji wakavishwa jezi za Wales, kama hadithi hiyo ni kweli, wao waliionaje siku ile? Walimwonaje refa, rais, bwana mkubwa mwenye kujua vifungu vyote hamsini na tisa? Kalamu haikuwafikia.

Guillemard alifariki mwezi Agosti 1909, huko huko Eltham alikozaliwa. Miezi miwili baadaye, Oktoba, uwanja mpya wa chama huko Twickenham ulifunguliwa kwa mechi kati ya Harlequins na Richmond, klabu mbili zilizokuwamo katika kile kikao cha mkahawa mwaka 1871. Uwanja ule bado upo, na mechi kubwa za Uingereza huchezwa pale.

Simlaumu. Kama asingekaa kwenye viti vile huenda vingekaliwa na mtu hafifu zaidi. Ninachosema ni kwamba uaminifu wa mtu mmoja si sheria. Guillemard akiwa mwaminifu, mechi yake itakuwa ya haki, lakini Guillemard anazeeka, anaondoka, na kiti kinabaki na upana ule ule, kikimsubiri mwingine ambaye hatumjui. Wales walilielewa hilo katika siku ishirini na moja. Uingereza walichukua miaka kadhaa na mechi zilizokufa.

Basi vijana wenzangu, katika klabu zetu, vikundi vyetu vya maigizo, na hata vijarida vyetu vidogo kama hivi, tuangalie nani amekaa wapi. Mhariri ndiye mwandishi, ndiye jaji wa shindano la hadithi, na ndiye mtoa zawadi? Anaweza akawa mtu safi kabisa. Muulizeni kwa heshima tu, bila kumtukana, na mkiwa mnauliza msipige kelele nyingi. Almond yupo pembeni anasikiliza.